Wembe wa Nywele za Kwanza

Nawapa kisa kilichonishinda mimi mwenyewe, na sioni haya kusema.

Kisiwani Pemba palikuwa na mafundi watatu. Kombo, seremala, alikuwa na jiwe la kunolea patasi, linakwaruza kama ulimi wa paka. Tatu, dada yake, mpishi wa shughuli, alikuwa na kinoo cha kurithi, laini hata nzi angeteleza. Mcha, fundi viatu, alikuwa na mkanda wa ngozi ambao kila kisu kilichopita juu yake kilitoka na adabu.

Vuai, mdogo wao Kombo na Tatu, alipata mtoto wa kiume. Mkewe, Rukia, ni dada yake Mcha. Katika ukoo ule nywele za kwanza hunyolewa siku ya saba, kwa wembe ambao haujagusa kichwa kingine. Ukanunuliwa wembe mpya wa kukunja, mpini wa pembe. Uling'aa kweli, lakini wembe mpya hauna makali, una sura tu, kama baadhi ya watu tunaowajua.

Tatizo likawa jina. Kombo alitaka Makame, jina la marehemu baba yao. Tatu alitaka Haji, la mwanawe aliyeishi siku tisa. Mcha alitaka Faki, la mzee aliyemfundisha kazi akafa bila mtoto. Vuai, ambaye huogopa lawama kuliko njaa, akasema kwa hekima ya kuazima, "Atakayeutia wembe makali ndiye atakayempa jina."

Kombo akaanza. Akaulaza wembe jiweni, akausukuma na kuugeuza asubuhi nzima, mpaka pande zake mbili zikakutana. Kwa kuwa haukuruhusiwa kujaribiwa kichwani, aling'oa udevu wake mmoja, akauning'iniza, akaupitishia wembe. Udevu ukapinda tu.

Tatu akaupokea. Akakilowesha kinoo, akaupitisha wembe polepole bila kuukandamiza, akaondoa vijimeno vyote alivyoviacha kaka yake. Kisha akamng'oa Kombo udevu wa pili, bila hata kuomba. Ukachanika, haukukatika.

Mcha akauburuta kwenye ngozi, mgongo wa wembe ukitangulia, mara sitini.

"Shemeji, nipe kidevu."

"Nyoeni na ukoo mzima," Kombo akanung'unika, akakitoa.

Safari hii udevu ulianguka kama uliokuwa ukingoja ruhusa.

Mtoto akanyolewa usingizini, bila mchubuko. Ndipo balaa lilipoanza.

Mcha akasema wembe umekata mkononi mwake, na kila mtu ameona. Tatu akamwambia kwamba kama vijimeno vya Kombo visingeondolewa, kilichokatika kingekuwa mkanda wake. Kombo akasema bila yeye wangekuwa wananoa kijiko, tena ndevu zilizoliwa ni zake. Vuai akatamka kwamba wote watatu wameshinda. Alipoziona nyuso zao, akatamka kwamba hakuna aliyeshinda. Pilau ya wageni ikazidi kupoa.

Mgeni mmoja akazidi kuvuruga mambo. Akauliza, hivi kuna aliyetia kitu? Wote walipunguza chuma, hakuna aliyeongeza hata chembe. Makali yametoka wapi basi? Kufikia hapo hata waliokuwa na jibu walilipoteza, nami nikiwamo.

Rukia akawageukia wote.

"Wembe mmeumaliza," akasema. "Mimi nauliza kimoja tu. Huyu akilia, nimwite nani?"

Kama aliyesikia, mtoto akaamka, akalia. Rukia akamnyanyua, akafungua kinywa kumbembeleza, akakosa la kumwita. Watatu wale wakamtazama, kila mmoja na jina lake ulimini, asithubutu kulitamka mbele ya wenziwe.

Mtoto bado analia. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, nani ungempa haki ya kumpa jina? Fanya haraka, mama yake anangoja.