Nati Nyekundu

Nitawapa kisa, lakini hukumu mtaitoa nyie, kwa hiyo msisinzie.

Katika gereji ya Dada Sekela, kule Mbeya, walikuwepo mafundi watatu wasiopikika chungu kimoja. Ambakisye alijua pampu: akitega sikio kwenye tangi, alikwambia kama inasukuma au inadanganya. Tumpe alijua nozeli, zile zinazonyunyiza petroli ndani ya injini. Alizipima moja moja, na iliyozidi wenzake hata kwa tone aliikataa. Gwakisa alijua kompyuta ya gari, inayoamua nozeli zifunguke kwa muda gani.

Kwa kuwa hawakuaminiana, gereji ilikuwa na sheria. Fundi akishakaza nati, aliipaka rangi yake: Ambakisye nyekundu, Tumpe njano, Gwakisa bluu. Aliyefungua rangi ya mwenzake, kazi yake yote haikuhesabiwa.

Basi Dada Sekela akafunga tabo kubwa kwenye gari lake la mashindano. Tabo ikashindilia hewa nyingi, petroli ikawa haitoshi, na kila akifika mwinuko wa kwenda Chunya injini ilikohoa, pistoni zikakaribia kuyeyuka. Akawaambia, "Mgongo wangu umechoka. Gari hili likishinda, aliyelishindisha ndiye atakayeendesha badala yangu. Mmoja tu. Sitaki ubia."

Tumpe alikosa hamu ya kula. Usukani ule aliutamani tangu alipokuwa mfagiaji wa gereji, na wenzake walijua.

Ambakisye akatangulia. Akatoa pampu ya zamani, akaweka kubwa, akafunga mpira wake wa petroli juu ya tangi kwa nati, akaipaka nyekundu. Gari likafika nusu ya mlima, likakohoa. Nozeli za zamani zilikuwa zimefunguka hadi mwisho wa uwezo wao.

"Pampu ya maonyesho," Tumpe alisema.

Tumpe naye akafunga nozeli kubwa, akapaka njano. Gari likatoa moshi mweusi hata kabla ya geti, kwa sababu kompyuta ilidhani nozeli ni zilezile, ikaziacha wazi kwa muda uleule, petroli ikafurika.

"Hongera, fundi. Umetuletea tanuri la mkaa," Ambakisye akacheka.

Gwakisa akaketi na kompyuta, akapunguza muda hapa, akaongeza pale. Moshi ukakatika. Gari likapanda hadi kileleni bila kukohoa.

"Bila mimi mlikuwa na vyuma chakavu," akasema.

"Na bila vyuma ungepandisha nini mlimani?" Tumpe akamjibu. "Namba za kompyuta?"

Siku ya mashindano, Dada Sekela akiwa anavaa helmeti, Tumpe alinusa petroli. Akainua kiti cha nyuma, kilichofunika tangi. Mpira wa pampu ulikuwa unavuja. Nati nyekundu haikukazwa sawasawa. Ambakisye haonekani, na gari lao limeshaitwa. Gwakisa alikuwa kasimama pembeni.

"Wewe hunusi?"

"Nilinusa mapema. Si rangi yangu."

"Dada ataungua!"

"Mwite mwenye nyekundu."

Tumpe akaita hadi sauti ikakauka. Hakuitikiwa. Akashika spana, akaivunja ile rangi, akakaza, akafuta, akanusa tena hadi akaridhika.

Gari likashinda.

Dada Sekela hajavua hata helmeti, Gwakisa akasema alichokiona.

"Amefungua rangi yangu," Ambakisye, aliyekuwa ameshatokea, akadakia. "Hana kazi hapa."

"Rangi yako ilikuwa inavuja!" Tumpe akasema.

"Kidogo tu. Gari lingefika."

"Lingefika majivu!"

"Mimi sikuvujisha wala sikuvunja sheria," Gwakisa akasema.

"Ulinusa ukanyamaza, ukamwacha aingie!"

"Sheria ndiyo iliyoninyamazisha, Tumpe. Na nani aliyelia iwekwe, asiguswe nozeli zake? Si wewe?"

Kweli, ni Tumpe aliyeililia.

Dada Sekela akawatazama mmoja mmoja, ufunguo mkononi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Haya, semeni. Pampu bila nozeli ni bure, nozeli bila kompyuta ni moshi, kompyuta bila hivyo viwili haina cha kuamuru. Mmoja alilegeza, mmoja alivunja, mmoja alinyamaza. Je, usukani mngempa nani?