Klachi Isiyofika Chini

Hii nimetumiwa asubuhi na shemeji yangu. Isome yote, kisha mpe na mwingine.

Mjini Korogwe kulikuwa na fundi wa magari aitwaye Kallaghe. Kwa giaboksi hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alilijua hilo.

Siku moja Mama Semkiwa, mkunga mstaafu, alimletea gari la mwaka 1967 aliloachiwa na marehemu mumewe. Kwa gari hilo alikuwa akiwawahisha hospitali wajawazito wa kijijini kwao.

"Gia hazitaki kuingia, fundi," alisema. "Namba moja inang'ang'ania, rivasi inalia. Halafu naona kama klachi haifiki chini."

Gereji ilikuwa imejaa watu. Kallaghe hakulitazama hata gari.

"Klachi inafika, mama. Mguu wako ndio umezeeka. Usukani waachie wenye nguvu."

Watu wakacheka. Mama Semkiwa alijaribu kutabasamu, akashindwa. Akaweka funguo mezani, akaondoka kwa miguu.

Fundi alishusha giaboksi, akaikagua siku mbili. Nzima. Akairudisha na kuwasha gari, gia zikagoma. Akazima injini, zikaingia laini. Akawasha tena, zikagoma tena. Hapo akajua klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi.

Alipiga magoti mlangoni mwa gari, akaikandamiza pedali kwa mkono. Iligota njiani. Chini yake zulia nene lilikuwa limejikunja, nalo alilifahamu vizuri. Alilitandika yeye mwenyewe mwezi uliopita, alipoziba sakafu iliyooza ya gari hilohilo.

Alikata kipande cha zulia, gia zote zikaingia. Hakufurahi. Aliona aibu, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Alilirudisha gari jioni hiyo. Alimkuta Mama Semkiwa jikoni, akamweleza yote huku akitazama chini.

"Nisamehe, mama. Uliniambia, sikusikiliza."

Mama Semkiwa aliendelea kuchambua mchele.

"Juzi jirani aliazima gari la rafiki yake, hana wa kuliendesha. Akaniomba nimpeleke mkewe hospitali. Nikakataa. Nilimwambia mguu wangu umezeeka. Wakampakia kwenye pikipiki, akajifungulia njiani."

Kallaghe aliuliza, "Na mtoto?"

"Wazima wote wawili. Mungu alisaidia tu." Akaweka ungo chini. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ulinidhalilisha mbele ya watu, na radhi unaniomba jikoni, tuko wawili."

Kesho yake Mama Semkiwa aliendesha mwenyewe hadi gereji. Kallaghe aliwaita mafundi na wateja wote, akasimama mbele yao, jasho likimtoka.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Zulia lililozuia klachi nililitandika mimi. Mama alinieleza, nikamtukana. Mguu wake hauna shida yoyote."

Hakuna aliyecheka. Mama Semkiwa aliitikia kwa kichwa, akatia rivasi, akatoka getini taratibu. Kallaghe hakuweza kuinua macho mpaka mlio wa gari ulipopotea.

Funzo: Anayekuletea tatizo ameishi nalo kabla yako, msikilize. Na ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu haohao.