Kwa Nini Mlima Kivesa Hujifunika Adhuhuri

Mmeniuliza kwa nini nimeukataa mpango wenu. Mnataka kesho mnywe chai kwanza, mpige picha hapa uani, halafu saa nne ndipo muanze kupanda Kivesa. Mwenzenu mwenye kofia nyekundu amenionyesha kilele kwa kidole akasema, "Bibi, si pale tu?" Nikacheka, naye akaudhika. Aniwie radhi, maana maneno hayohayo ndiyo yaliyoanzisha mambo yote. Kaeni, magimbi hayajaiva bado, niwaeleze.

Zamani mlima huu haukujua wingu. Ulikaa wazi tangu alfajiri hadi jua linazama, na kilele chake kilionekana kutoka kila mlango. Hata mtu akikoroga uji alikuwa anakiona. Kwa kuwa walikiona kila siku, watu walidhani wanakijua, na hakuna aliyejisumbua kupanga safari ya kwenda huko. Mtu alimaliza kupalilia mahindi, akatazama juu, akasema si pale tu, akaondoka mikono mitupu bila kumuaga yeyote.

Wengine walirudi. Wengine hawakurudi, kwa sababu kilele kile kilikuwa na tabia moja mbaya: kadiri ulivyopanda ndivyo kilivyoonekana kimekaribia. Jua lilipinda, miguu ikachoka, lakini macho yakasema bado kidogo. Ni nani awezaye kukipa mgongo kitu kilicho mbele ya pua yake? Giza likawakuta kwenye mawe, na baridi ya huko juu huua.

Mcharo alikuwa mmoja wao. Alikwenda jua likiwa utosini, ana hindi moja la kuchoma mkononi, na watu walimkuta siku ya tatu. Alimwacha mkewe, Nakijwa, na binti mmoja aliyekuwa bado anatambaa, jina lake Namsi.

Nakijwa aliishi katika nyumba hii ya mwisho, hapahapa nilipo mimi. Alimlilia mumewe sana. Machozi yalipokauka, akaanza kuuchunguza mlima kama mtu anavyomchunguza mgeni asiyejulikana katoka wapi. Kila aliyeshuka alimsimamisha akamuuliza: kutoka mtoni hadi mwamba mwekundu, jua lilisogea kiasi gani? Kutoka mwamba hadi kwenye mianzi je? Alilinganisha majibu na kivuli cha nguzo ya mlango wake, kisha akafunga fundo kwenye kamba ya mgomba. Miaka ilipita, kamba ikawa na mafundo saba, la kwanza mtoni, la saba kileleni. Majirani walimcheka, wakasema mjane huyu anataka kuufunga mlima kama mbuzi.

Namsi alipokua, hamu yake ilikuwa moja tu: kujua ni kitu gani kile alichokiendea baba yake. Aliwauliza waliofika juu. Mmoja alisema kuna bwawa, mwingine akasema ni mawe matupu, wa tatu akasema dunia yote inaonekana. Majibu hayo yalimzidishia kiu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na Nakijwa alilijua hilo. Aliona kwamba kumkataza kungemfundisha kuondoka bila kuaga. Basi akafunga kamba ya pili inayofanana na ile ya kwanza. Moja akampa, nyingine akaitundika mlangoni, ifunguliwe atakaporudi.

"Mwanangu, popote jua litakapokukuta utosini, geuka," alimwambia. "Hata kama ni fundo la sita."

Namsi aliapa. Lakini siku yenyewe alichelewa kuondoka, kwa kuwa alikaa kusukwa nywele. Hakutaka kufika kwenye kilele cha baba yake akiwa ovyo.

Jua lilimkuta utosini kwenye fundo la sita. Alilitazama jua, akakitazama kilele. Kilikuwa palepale, kinang'aa, hata nyufa za mawe aliziona. Kiapo kikamtoka akilini. Akainua mguu.

Huku chini, Nakijwa aliona kivuli cha nguzo kimejikunja chini ya nguzo yenyewe. Hakumwona binti yake, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikoka moto uani, akaurundikia majani mabichi na nyasi alizozilowesha maji, moshi mweupe ukapanda bondeni. Kisha akaupigia mlima kelele: "Jifunike!"

Mlima ulishangaa. Tangu uumbwe haukuwahi kusikia ombi la namna hiyo. "Kwa nini nijifunike, mama? Watu wote hutaka kuniona."

"Wakikuona hawarudi. Mume wangu alikutazama mpaka akafa. Mwanangu yuko juu yako sasa hivi, na asipogeuka nitabaki sina mtu."

Mlima ukauliza, "Kumbe hawa wanaolala kwenye mawe yangu wana watu wanaowangoja?"

Haukujua. Ungejuaje, wakati hakuna aliyewahi kuaga? Basi ukauvuta ule moshi juu, ukajizungushia kama khanga, kilele kikapotea.

Namsi alilia kwa hasira. Alipiga teke jiwe, akaumia kidole. Lakini hapakuwa na kitu cha kuendea tena, akageuka. Alifika nyumbani mbuzi wakiingia zizini.

"Mama, nilibakiza fundo moja tu!"

Nakijwa aliishusha kamba ya mlangoni, akataka kuifungua, akashindwa. Akampa binti yake. Namsi alifungua fundo moja baada ya jingine hadi la sita, na hapo ndipo alipoyaona machozi ya mama yake. Fundo la saba wakaliacha.

Mwezi uliofuata Namsi aliondoka jogoo wa kwanza akiwika, nywele timutimu, akafika juu kabla ya adhuhuri. Walipomuuliza ameona nini, alisema ameona mawe, upepo, na chini kabisa moshi wa jiko la mama yake.

Na tangu siku hiyo Kivesa hujifunika kila adhuhuri, aliye njiani ajue saa ya kurudi imefika, na hujifunua jioni watu wakiwa wameshashuka. Na hakuna apandaye bila kuacha kamba katika nyumba hii.

Haya, wewe mwenye kofia nyekundu, shika kamba yako. Mafundo saba. Kufunga nitakusaidia, na kesho nitakuamsha jogoo wa kwanza akiwika, upende usipende. Kamba nitaitundika pale mlangoni. Kuifungua siruhusiwi mimi. Ni lazima uje mwenyewe.