Kwa Nini Kuku Haulizi Yai Hili ni la Nani

Kuku wa siku zile walikuwa na majivuno kuliko hawa mnaowafukuza jikoni kwa mwiko. Kila mtetea alilijua yai lake kwa rangi, kwa uzito na kwa harufu. Ukimwekea la mwenzake kiotani, alilisukuma kwa mdomo mpaka likaanguka na kuvunjika, kisha akarudi kuatamia yake bila hata kulitazama. Mtetea akifa, mayai yake yalipoa naye. Watu waliona ndivyo mambo yalivyo, na hakuna aliyehangaika kutaka yawe vingine. Mpaka siku ya Kalunde.

Kalunde alikuwa mjane wa kijiji cha Itundulu, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usiojua kupumzika. Hakuna shamba lililopaliliwa vizuri kama lake, naye alihakikisha kila mtu anaambiwa hivyo. Uani kwake kulikuwa na kuku kumi na tisa, weupe, weusi, wa madoadoa, na mmoja asiye na manyoya shingoni, aliyeitwa Kishingo. Huyo Kishingo alikuwa na makuu kupita wote. Hakula pamoja na wenzake wala hakutaga chini walikotaga wao. Alijichagulia chungu kilichovunjika mdomo, juu ya kihenge cha mtama, na huko ndiko alikoweka makao yake.

Binti wa pekee wa Kalunde, Mwashi, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto na mwanamume aliyefiwa na mke. Marehemu alikuwa ameacha mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, jina lake Milembe, na Mwashi ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha. Sasa zikaja habari kwamba Mwashi mwenyewe ana mimba, bado changa, na kwamba siku zikikaribia atakuja kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi. Mjumbe akaongeza, "Anasema atakuja na Milembe."

"Mwambie aje na tumbo lake tu," Kalunde alimjibu. "Mtoto wa watu ana watu wake."

Desturi ya Itundulu haikuwa na mchezo. Mzazi wa mara ya kwanza hunyweshwa mchuzi wa kuku siku saba, kila siku kuku mmoja, na kuku hao watoke uani kwa mama yake. Hawaombwi kwa jirani. Mama asiyeweza kuwatoa huonekana hakuwa na haja na uzazi wa mwanawe, na neno hilo humfuata mpaka kaburini. Kalunde hakuwa na wasiwasi. Alitazama kuku wake kumi na tisa, akatazama anga, akaona kila kitu kipo mahali pake.

Wakati wa kuvuna mtama ulipofika, akapika pombe ya kuwaalika watu waje wamsaidie shambani. Pombe ilikolea vizuri. Asubuhi ya mavuno akaichuja, akabaki na machicha tele chini ya chungu, na badala ya kuyatupa shimoni akawamwagia kuku. "Nanyi mle mavuno," akawaambia. Alikuwa na furaha siku hiyo, na mtu mwenye furaha hugawa bila kufikiri. Akaegesha mlango wa ua bila kuufunga kwa kamba, akaondoka na watu kwenda shambani.

Kuku wakala machicha mpaka wakalewa. Msicheke. Jogoo mkubwa alianguka ubavu akijaribu kuwika, na mitetea walitembea wakigongana vifua. Waliokuwa na nguvu ya kuruka kihengeni hawakuwa nayo tena. Ni Kishingo peke yake ambaye hakuonja, kwa sababu alikuwa juu akiatamia mayai yake matatu, tena chakula cha kumwagiwa wote hakukipenda.

Katika siku hizo palikuwa na mbwa wasio na mwenyewe, waliozunguka kundi zima kutoka kijiji hadi kijiji. Wakapita Itundulu jua likiwa utosini. Hawakukuta mtu, wakakuta mlango umeegeshwa. Kuku mzima humsumbua mbwa, kwa maana hukimbia na kuruka na kupiga kelele mpaka watu wakaja. Hawa hawakukimbia. Inasemekana mmoja alimsogelea mbwa mwenyewe, akamlalia miguuni.

Watu waliporudi jioni na mizigo ya mtama walikuta manyoya yametapakaa mpaka njiani. Wanaume wakachukua marungu, wakawafuata mbwa hao hadi vilimani na kurudi mikono mitupu. Kalunde alisimama katikati ya ua. Mzigo ulikuwa bado kichwani, amesahau kuutua. Wifi yake, Nyanzobe, ndiye aliyeushusha.

"Pole, wifi," Nyanzobe akasema. "Mbwa ni mbwa."

"Mbwa walifanya kazi yao," Kalunde akajibu. "Mimi ndiye niliyewalewesha kuku. Mimi ndiye niliyeacha mlango." Akaketi palepale chini, akalia kwa sauti, na watu waliokuja kunywa pombe ya mavuno wakainywa kimya na kuondoka mapema. Alikuwa akiona siku saba za Mwashi zikipita bila mchuzi. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huruma kwa mwanawe, ambayo ilimuuma zaidi.

Lakini Kalunde hakuwa mtu wa kulia siku mbili. Kesho yake alfajiri alizika mabaki, akauziba ua kwa miiba mipya, akausokotea mlango kamba nene. Kisha akapekua viota. Mayai mengi yalikuwa yameliwa au kuvunjwa, ila nyuma ya jiwe la kusagia na ndani ya tenga kuukuu akapata mazima tisa. Akayakusanya kwenye nguo, akayaweka tumboni yasipoe, akapanda ngazi ya kihenge.

"Kishingo," akasema, "umebaki peke yako. Haya ni ya wenzako."

Kishingo alimtazama kwa jicho moja. Kalunde akaingiza mayai chini yake, moja baada ya jingine. Kabla hajafika chini ya ngazi alisikia yai linapasuka, na alipopanda tena la pili lilikuwa linaning'inia ukingoni mwa chungu. Akalidaka, likamponyoka, likavunjika nalo. Yakabaki saba. Akayatoa haraka, akayarudisha tumboni.

Siku hiyo hiyo akajaribu njia nyingine. Akamfunika Kishingo kwa tenga, pamoja na mayai yote, akidhani akikosa pa kuyasukumia atachoka. Kishingo hakuchoka. Alisimama wima ndani ya tenga kutwa, hakuatamia ya wengine wala yake mwenyewe, mpaka Kalunde akaogopa kwamba hata yale matatu yatapoa. Akaliondoa tenga. Kishingo akajitikisa, akachagua matatu yake, akayalalia; yale saba Kalunde akayarudisha tumboni.

Nyanzobe alikuwa amesimama chini ya kihenge akitazama. "Wifi, wewe na huyo kuku mnafanana," akasema. "Yakaange hayo mayai. Saba ni kitoweo kizuri. Kisha mtume mtu kwa Mwashi, umwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba kuku wake wamekufa walevi?"

"Mwambie una mayai saba na kuku mwenye kiburi."

Kalunde alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na kucheka kukamrudishia akili. Akaingia jikoni akiwa bado ameyashika mayai tumboni. Chungu cha pombe kilikuwa pembeni mwa mafiga kama alivyokiacha, hakijaoshwa, tumbo lake jeusi kwa moshi wa siku tatu za kupika. Alikisogeza kwa mguu apate pa kukaa, kikamwangukia, akakizuia kwa mkono. Mkono ukawa mweusi. Alipoupeleka tena kwenye nguo kuyapapasa mayai, kila aliloligusa likawa jeusi. Akayatoa, akayatazama. La mtetea mweupe na la mtetea wa madoadoa, ambayo mwenyewe aliyajua kwa kuyaona tu, sasa hakuweza kuyatenganisha.

Akayageuza mikononi tena na tena, kisha akainua macho kuelekea kihenge.

Mnajua kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku, anywe maji, ale kidogo, aoge vumbi, arudi. Kalunde akamngojea. Kishingo aliposhuka, mwanamke akapanda na masizi ya kile chungu cha pombe kiganjani. Akayapaka mayai matatu ya Kishingo, akayapaka yale saba, akayachanganya kwa vidole mara nyingi mpaka yeye mwenyewe asingeweza kuapa lipi ni lipi. Harufu ya yote ikawa moja, ya moshi na pombe. Kisha akashuka, akajificha nyuma ya kihenge.

Kishingo akarudi. Akasimama ukingoni mwa chungu, akainamisha kichwa, akatazama kwa jicho la kulia. Mayai kumi, yote meusi. Akageuza kichwa, akatazama kwa la kushoto. Akaligusa moja kwa mdomo tayari kulisukuma, akaliacha. Akaligusa jingine. Yake yalikuwamo, hilo alilijua, lakini lolote atakalolitupa huenda likawa ndilo lake. Akikataa, atakataa na la kwake.

Nyuma ya kihenge Kalunde alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, yeye ambaye hakuujua ukimya. Kishingo alisimama pale mpaka kivuli cha kihenge kikahama. Halafu akaingia, akakunjua mbawa kuliko alivyowahi kuzikunjua, akayasogeza yote chini yake kwa mdomo, polepole, moja baada ya jingine, akalala.

Wakaanguliwa vifaranga tisa, weupe, weusi na wa madoadoa. Kishingo hakumkagua yeyote. Aliwashusha uani kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa, na Nyanzobe alipomsogelea mmoja alipigwa mdomo mguuni mpaka damu ikatoka. Mwewe alichukua kifaranga mmoja. Wanane wakakua. Machicha hawakuonjeshwa tena, na mlango wa ua ulifungwa kwa kamba hata Kalunde akiwa ndani.

Mwezi wa Mwashi ulipofika, alitokea njiani akitembea taratibu, tumbo mbele, na mkono wake umeshika mkono wa mtoto.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Kalunde akamtazama mtoto. "Nilikuambia uje na nani?"

"Sina mwingine wa kumwachia, mama. Ananiita mama."

Kalunde akawapisha mlangoni. Mwashi alijifungua mtoto wa kiume, salama, na kila asubuhi Kalunde akachinja kuku mmoja kama desturi ilivyotaka. Mchuzi ulinukia mpaka kwa majirani, naye hakuficha furaha yake. Milembe naye alipata wake, ila katika kibakuli kidogo, mlangoni, kama mgeni anayepita. Mwashi aliona, akageukia kumnyonyesha mchanga wake. Alikuwa dhaifu, tena alikuwa kwa mama yake.

Siku ya saba ni siku ya kumtoa mtoto nje. Bibi huchukua masizi ya chungu kwa kidole gumba, akampaka mtoto kipaji cha uso, jicho baya lisimwone. Kalunde akakaa uani na mjukuu mapajani, watu wamejaa, akampaka. Alipoinua kidole akakuta uso mwingine umesogezwa mbele yake. Milembe alikuwa amefumba macho, kipaji tayari.

"Na mimi, bibi," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha kumwita hivyo. Mwashi akaacha kunywa mchuzi wake. Kalunde akamtazama mtoto upande huu, akageuza kichwa, akamtazama upande ule. Kishingo alikuwa anachakura miguuni mwao. Kisha Kalunde akashusha kidole, akampaka Milembe alama kubwa nyeusi, akamvuta na kumkalisha paja la pili.

Nyanzobe, ambaye hakuacha kutania hata siku hiyo, akauliza kwa sauti, "Wifi, mjukuu wako hasa ni yupi hapo?"

"Wote wana masizi," Kalunde akasema. "Wewe mwenye macho, chagua." Akalia mbele za watu mara ya pili katika maisha yake, na bakuli la mchuzi la siku hiyo akalishika mwenyewe, akamnywesha mtoto wa watu mpaka likaisha.

Na tangu siku hiyo mtetea haulizi yai hili ni la nani. Mwekee la mwenzake, mwekee hata la bata, atainamisha kichwa, atatazama kwa jicho moja, atatazama kwa la pili, kisha atakunjua mbawa. Wanawake wa Itundulu hawamwatamishi kuku bila kwanza kuyapaka mayai masizi. Na mtoto mchanga anapotolewa nje, bibi hampaki yeye peke yake. Huwaita watoto wote waliomo uani siku hiyo, wa kuzaliwa na wa kuletwa, akawapaka mmoja mmoja. Ukipita hapo ukatamani kujua nani ni wa nani, utarudi ulikotoka bila kujua.