Benchi la Wanaorudia

Kaeni, wapendwa. Leo sijaja na pointi tatu. Nimekuja na dada mmoja tu, na huyo dada ananitosha.

Huyu dada alikuwa msusi. Saluni yake chumba kimoja, kiti cha plastiki, kioo chenye ufa, na dirisha moja ambalo halifunguliwi, maana nje ni barabara ya vumbi na ukilifungua tu vumbi lote linatua kwenye mafuta ya nywele. Lakini vidole vya yule dada, acheni! Ukikaa mbele yake na kichwa cha aibu, unaondoka unatembea katikati ya barabara ili watu wakuone. Mji mzima ulisukwa pale.

Sasa huyu dada aliwahi kuugua kifua kikuu. Akaenda kituo cha afya, wakampima, wakamwanzishia dozi ya miezi sita. Mwezi wa kwanza vidonge vinamtapisha, anameza hivyohivyo. Mwezi wa pili kikohozi kimekata, mashavu yamerudi, sketi iliyokuwa inamdondoka sasa inambana. Mwezi wa tatu mteja wake mmoja akamkuta kituoni, akamuuliza mbele za watu, "We shoga, hapa kwenye dirisha la wakohozi unafuata nini?" Akacheka, akasema amemsindikiza mtu. Kesho yake hakwenda tena. Si alishapona? Si hakohoi?

Msinitolee macho. Nani humu anamaliza dozi? Ile ya malaria tu, siku tatu, vidonge vya siku ya tatu viko kabatini mpaka leo.

Ukapita mwaka. Kikohozi kikarudi. Kwanza kidogo, akasema ni vumbi la nywele bandia. Halafu Jumanne moja yuko katikati ya kichwa cha mtu, kikohozi kikambana, akakoholea kwenye kanga, akaitazama ile kanga. Damu. Akaikunja haraka mteja asione, akarudi kwenye nywele, na vile vidole ambavyo havijawahi kukosea njia, siku hiyo vikakosea. Moyoni anajisemea: mimi nashinda juu ya vichwa vya watu. Pumzi yangu inaishia kwenye utosi wa kila mtu hapa mjini. Kesho narudi. Wanicheke, wasinicheke, narudi.

Na kweli, Jumatano saa mbili asubuhi, huyo, kanga kichwani, yuko getini.

Kile kituo kilikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa mpya anaingia ndani, anakalishwa kwenye kiti, anapewa pole. Aliyekatisha dozi ana benchi lake. Liko nje, ukutani, linatazama geti, na juu yake mtu ameandika kwa rangi nyekundu: WANAORUDIA. Na Jumatano ndiyo siku ya kupima watoto uzito, kwa hiyo akina mama wote wa mji wanapita hapohapo mbele yenu, wanasoma maandishi, wanasoma na sura zenu. Halafu ukifikiwa, unasimama, unasema kwa sauti uliacha lini na kwa nini, ili wenzako wajifunze.

Aliyeanzisha hayo ni nesi wa pale. Na nisikilizeni, yule nesi hakuwa mtu mbaya. Alishazika wagonjwa wengi walioacha dawa, akachoka kuzika. Akasema aibu itawatibu wakaidi. Aliamini hivyo kabisa.

Msusi akakaa. Pembeni yake mzee mmoja kajikunyata kwenye koti.

"Karibu, binti yangu," mzee akamwambia. "Usiogope, mimi hapa ni mara ya tatu. Benchi hili wakianza kulipa pensheni, namba moja ni mimi."

Msusi akacheka, na kucheka kukaamsha kikohozi, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Haya, wewe uliyejifunika kanga kama bibi harusi!" nesi akaita. "Simama."

Akasimama.

"Uliacha lini?"

"Mwaka jana, sista. Mwezi wa tatu wa dozi."

"Sauti! Unamnong'oneza nani? Na kwa nini uliacha? Tulikufukuza?"

"Hapana, sista."

"Sasa?"

Dada akataka kuusema ukweli. Kabisa, ulishafika mdomoni. Akainua macho, akaona getini wamama wawili wamesimama na watoto mgongoni, wanamtazama yeye. Mmoja kichwani ana mistari aliyomsuka yeye mwenyewe Jumamosi.

"Nilisafiri, sista," akasema.

"Nyote mnasafiri!" Nesi akageukia watu. "Mnasikia? Dawa za bure, anasafiri. Damu ikitoka, anakumbuka njia. Hapa mnapaona nyumbani kwa bibi yenu, eti?"

Watu wakacheka. Hata wale wa benchi walicheka, maana ukicheka mwenzio angalau kwa dakika ile hucheki wewe.

"Nenda kalete mtu wa kukusimamia," nesi akamaliza. "Mume, mjumbe wa mtaa, ndugu, mtu mzima yeyote anayejua unaumwa nini. Bila huyo, faili sifungui."

"Sista, nakuomba. Hata makohozi tu mnipime leo. Nikitoka hapa sijui kama kesho nitaweza..."

"Utaratibu ni utaratibu."

Mzee akaingilia. "Sista, mwache aingie. Huyu binti hali yake siyo."

"Na wewe mzee wa mara tatu, leo ndo unanifundisha kazi?"

Mzee akajirudisha kwenye koti lake.

Sasa niambieni, angempata wapi huyo mtu mzima anayejua anaumwa nini? Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kuhakikisha mtu huyo hayupo! Akatoka pale anatazama chini. Akanunua pipi za kifua, akafungua saluni, akakaa. Na wateja wakaja. Simtetei. Angeweza kufunga mlango, hakufunga. Lakini mimi nawaeleza ilivyokuwa.

Miongoni mwa wateja wake kulikuwa na mtoto wa miaka tisa. Kila baada ya wiki mbili dada wa kazi anamleta, anamwacha, anarudi kumchukua baadaye. Mtoto anakaa chini, katikati ya magoti ya msusi, anasukwa huku anafanya hesabu zake za shule. Saa tatu, saa nne. Dirisha limefungwa. Yule anti anakohoa juu ya kichwa chake, anasema samahani mwanangu, anaendelea kusuka. Mtoto wa nani? Msusi hajui. Mama yake hajawahi kufika pale, kazi zimembana.

Miezi ikaenda, mtoto akaanza kukohoa. Akakonda, shingo ikawa kama ya kuku. Mama yake akasema ni mafua. Huyu mama, ambaye kikohozi cha mtu mwingine angekitambua akiwa ng'ambo ya barabara, kwa mwanawe akasema ni mafua! Mwisho akampeleka kupimwa. Kifua kikuu. Wakampa dawa, dawa zikagoma. Wakapima tena, wakamwambia: mama, hiki ni kile kilichozizoea dawa. Mtoto wako yaelekea kaambukizwa na mtu aliyewahi kuanza dozi akaikatisha. Sasa ni dawa nyingine, kali, za muda mrefu, na hatuwezi kukuahidi kitu.

Mmeshamjua huyo mama, sivyo? Ndiye. Nesi.

Akatafuta kama kichaa. Nyumbani wakapimwa wote, hakuna. Shuleni, hakuna. Akamkalisha mtoto. "Mwanangu, kuna mtu unakaa naye muda mrefu anakohoa?"

"Anti wa saluni," mtoto akasema. "Anakohoaga mpaka anashika ukuta. Ila mama, usimgombeze, ana mkono mwepesi."

Nesi akaenda na sare zake za kazi, akausukuma mlango wa saluni mpaka ukagonga ukuta. Msusi yuko kwenye kiti cha wateja, peke yake, kitana mkononi, amebaki macho na mifupa. Nesi akamtazama, akaikumbuka ile kanga, akaikumbuka ile sura.

"Kumbe ni wewe!" Akapiga ukelele. "Ni wewe! Unaniulia mwanangu! Ulijua unaumwa, ulijua! Kwa nini hukurudi kwenye dawa? Nijibu! Kwa nini hukurudi?"

Msusi hakuinuka, hakuwa na nguvu za kuinuka.

"Sista," akasema, "mimi nilirudi."

Basi.

Mbona mmenyamaza? Dakika mbili zilizopita mlikuwa mnacheka, pale alipoambiwa kajifunika kama bibi harusi. Nimewaona. Mmecheka na wale wa pale kituoni.

Haya, tuje hapa kwetu, maana sisi hatuna sindano wala vidonge lakini utaratibu tunao. Mtu kaokoka kwa machozi, tumempigia makofi, tumemvika shada. Mwaka haujaisha kaanguka. Karudi kwenye pombe, kapata mimba, kaiba kazini, sijui kafanya nini. Halafu siku moja damu ya roho yake anaiona kwa macho yake, anaamka, anaoga, anakuja. Sisi tunamfanya nini? Tunamkalisha kwenye benchi la nyuma Jumapili sita. Tunamwambia alete wazee wawili wa kumsimamia. Tunamsimamisha hapa mbele aseme dhambi na mwezi alioitenda, na akina mama wa safu ya tatu, ninyi hapo, mnahesabu kwa vidole mjue mimba ni ya nani. Tunasema tunamponya. Tunasema aibu itamfunza. Tunadanganyana! Hakuna aliyepona kwa kuchekwa. Anaondoka nao ugonjwa wake, na ukishatibiwa nusu ni mgumu kuliko wa kwanza, halafu tunakuja hapa kukemea kwamba vijana wa mtaa huu wameharibika. Wameharibikia wapi? Mlangoni! Hapo mlangoni petu, tena wakiwa wanaingia!

Na mimi nimo. Nimekaa hapa nikacheka kama ninyi, msidhani najitoa.

Kuna dada alikuwa anaimba nasi hapa, sauti ya pili, kabla hajaanguka. Simtaji, mnamjua. Jumapili iliyopita alifika mpaka getini na gauni lake la kijani. Akachungulia, akaona nani na nani wamekaa, akageuza. Watu wanne humu walimwona. Nimewauliza mmoja mmoja. Wote mmeniambia mlidhani atarudi wiki ijayo.

Wiki ijayo ndo leo. Yuko wapi?

Anapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bati la bluu. Leo hatufungi kwa wimbo. Tutaimba nini sasa? Viatu mmevaa, njia mnaijua. Tokeni mwende.