Kiti cha Nyuma cha Nyati

Wahenga walisema kwamba ukipenda boga, upende na ua lake. Maana yake ni kuwa ukimpenda mtu au kitu, huna budi kukubali na yote yanayoambatana naye, hata yale yanayokukera. Wengi wetu tunaijua methali hii kwa ulimi tu. Tunamwambia jirani anapolalamika, lakini zamu yetu ikifika tunaanza kulichambua boga: hiki nakitaka, hiki sikitaki. Kiliani wa Kihagara alikuwa mmoja wetu, na ilibidi Nyati wake atumbukie shimoni ndipo akafumbuka macho.

Nyati huyo hakuwa mnyama bali pikipiki. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia Mbinga na malori yao, mitumba ikajaa magulioni, na mwenye miguu myepesi aliweza kununua hapa na kuuza kule bila kuulizwa kibali. Kiliani alikuwa mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaosubiriwa sana na watu wa milimani. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika alifika Mbamba Bay na pikipiki yake, akaugua malaria hadi akakata tamaa ya safari. Kiliani alimuuguza kwa uji na supu ya samaki kwa majuma matatu. Mgeni alipopona alitaka kurudi kwao kwa ndege, basi akamuuzia mwenyeji wake pikipiki ile kwa bei ya kutupa.

Pikipiki kubwa kama ile haikuwahi kuonekana mwambao ule. Tangi lake la mafuta lilikuwa nene kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Mbele ilikuwa na kioo cha kukinga upepo, na kila ubavu ulibeba sanduku la bati gumu lililomeza usipa wa gulio zima. Ikipanda milima ya kwenda Mbinga haikuhema. Malori yalipokwama matopeni, yenyewe ilipita pembeni ikinguruma kwa sauti nzito, na Kiliani juu yake akajiona mfalme. Alipofika kona ya juu kabisa, ziwa lote likiwa limetandazwa chini yake hadi milima ya ng'ambo, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya alikwisha kumsihi asiilete kanisani.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Kiliani alikuwa mfupi, na kiti cha Nyati kilikuwa juu. Miguu yake haikugusa ardhi. Ili apande au ashuke ilimbidi atafute jiwe, na kwa sababu hiyo aliyajua mawe yote ya kando ya barabara, moja baada ya jingine, kama vituo vya njia ya msalaba. Palipokosekana jiwe, Nyati alilala chini pamoja na bwana wake, na akishalala walihitajika wanaume wanne walioshiba kumwinua. Petroli aliigugumia bila huruma. Kifaa kikivunjika, kilisubiriwa kutoka Dar es Salaam mwezi mzima, kwa kuwa mafundi wa Mbinga walimtazama Nyati, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye baiskeli zao.

Kiliani hakulalamika hata siku moja. Nyati akianguka, alimwambia, "Pole, mzee," akamfuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

Siku moja alisimama gulioni Namswea, kijiji cha milimani, na hakuona jiwe lolote. Alipokuwa akiyumba huku na huku, mwanamke mmoja aliburuta kreti tupu la soda, akaliweka chini ya mguu wake.

"Shuka, kaka," alisema. "Ukianguka na hao samaki, leo tutakula ugali na mchanga."

Huyo alikuwa Veneranda, mjane asiye na mtoto, mkulima wa kahawa na maharage, mwenye kicheko kilichosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Tangu siku hiyo Kiliani alipata sababu nyingi za kupita Namswea. Veneranda naye hakukosa kuwa na kreti karibu. Kabla mwaka haujaisha, Kiliani alimtuma rafiki yake Methodi kwenda kuposa.

Hapo ndipo ua lilipochomoza. Veneranda aliishi na mama yake aliyeitwa Gertruda, Mama Gertruda kwa heshima, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mkali kama pilipili. Hakuwahi kumwita Kiliani kwa jina. Alimwita mtu wa samaki, na kila Kiliani alipofika, bibi alifungua madirisha yote ili harufu itoke. Alimpokea mshenga kwa heshima, akampa kiti, kisha akampa na jibu.

"Veneranda ni mtoto wangu wa pekee, na mimi magoti yamekwisha. Anayemtaka atuchukue sote wawili."

Kiliani alipoletewa jibu hilo alifura. Yeye alikwisha kujiona akishuka milima, Veneranda amemshika kiuno, ziwa liko mbele yao. Katika picha hiyo hapakuwa na bibi wa kufungua madirisha.

"Kamwambie Nyati ana kiti kimoja tu cha nyuma," alisema.

Mshenga mwenye akili hulipaka asali neno kabla ya kulifikisha. Methodi alilifikisha kama lilivyo.

"Basi na aoe hiyo pikipiki," alijibu Mama Gertruda.

Kiliani alinuna wiki mbili. Ya tatu ilipofika, moyo ulimshinda, akapanda milima akiwa na nia moja: kumshawishi Veneranda amwache mama kwa ndugu na kumfuata peke yake. Ilikuwa mwezi wa tatu, wakati wa ngolo. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, hulima miteremko yao kwa namna ya pekee. Wanaume hukata majani na kuyapanga chini kwa miraba, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mlima mzima hubaki na mashimo yaliyozungushiwa matuta, na hayo ndiyo ngolo. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, udongo usishuke. Shamba la Mama Gertruda, ambalo maharage yake yalikuwa yamechipua juzi tu, lilianzia ukingoni mwa ua wake.

"Shikamoo, mama," Kiliani aliamkia juu ya pikipiki.

"Marahaba, mtu wa samaki. Umekuja na mkeo?" alijibu bibi akiitazama pikipiki, kisha akaingia ndani kufungua madirisha.

Veneranda alileta kreti, lakini Kiliani hakushuka. Alimweleza nia yake kwa sauti ya chini. Veneranda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama alinibeba mgongoni miaka mitatu nikiwa mgonjwa," alisema. "Siendi popote bila yeye, Kiliani. Nakupenda, lakini siendi."

Kiliani alishikwa na hasira. Aliwasha Nyati ageuke aondoke kwa kishindo. Kumbe ua ulikuwa mwembamba na Nyati alikuwa mrefu. Gurudumu la nyuma liliteleza ukingoni, Kiliani akaruka, na Nyati akabiringika shambani, akabomoa matuta safu tatu, akatua miguu juu ndani ya shimo.

"Mzee wangu!" Kiliani alilia. Alishuka mbio, akaanza kumfuta matope kwa shati. Kisha akanyakua jembe lililokuwa limeachwa pale. Kwao Kihagara mashamba ni tambarare, na shimo ni shimo tu. Akaanza kuyafukia mashimo ili apate njia laini ya kumvutia Nyati juu.

"Anafukia!" Mama Gertruda alipiga ukelele mlangoni. "Jamani, mtu huyu anafukia ngolo! Mvua hiyo inakuja, unataka shamba lote lishuke mtoni?"

Kiliani alitazama juu. Kweli, mawingu meusi yalikwisha kuukalia mlima wa pili. Bibi alikuwa akishuka kwa makalio, shimo kwa shimo, magoti yakimgomea, huku akimtukana kila hatua.

"Umesikia maneno hayo?" Kiliani alimgeukia Veneranda. "Huyu ndiye nimpeleke nyumbani kwangu?"

Veneranda hakucheka safari hii.

"Nyati amekuangusha mara ngapi? Amekuunguza mguu, amekula fedha zako, amekulaza porini. Kila siku unamwambia pole, mzee. Mama yangu amekuambia neno moja, ukanuna wiki mbili."

Kiliani alisimama na jembe lake. Alimtazama Nyati, petroli ikimtoka tone kwa tone. Kisha akamtazama yule bibi aliyekuwa amepiga magoti yale mabovu kwenye matope, akikusanya udongo kwa mikono mitupu kuliokoa shamba lake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Kama angeita watu wakati ule, Nyati angeinuliwa kabla ya mvua. Badala yake alimpa kisogo, akaenda akapiga magoti kando ya bibi.

"Nielekeze, mama."

"Kuchimba ngolo ni kazi ya wanawake."

"Nielekeze hivyo hivyo."

Walichimba watu watatu. Bibi alimfokea kwamba tuta lake ni jembamba, kwamba anashika jembe kama kasia, kwamba watu wa ziwani walilishwa nini utotoni. Kiliani aliitikia, "Ndiyo, mama," akachimba tena. Mvua ilipowapiga, walikuwa wanamalizia safu ya tatu. Walisimama chini ya upenu wa nyumba wakitazama maji yakijaa shimo moja, kisha jingine. Matuta ya Kiliani yalikuwa yamepinda vibaya, lakini hakuna hata moja lililokatika.

"Mabaya," alisema Mama Gertruda. "Lakini yameshika." Halafu akaongeza, "Ingia ndani ukaote moto, Kiliani."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. Kiliani alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

Asubuhi walihitajika wanaume wanane na kamba mbili kumtoa Nyati. Kiliani hakuondoka kabla ya kumaliza neno lake.

"Mama, twende wote watatu."

"Na kuku wangu. Na kila mwezi wa tatu unirudishe hapa nichimbe ngolo."

"Na kuku," alisema Kiliani. "Na mwezi wa tatu."

Walifunga ndoa mwezi wa nane, kahawa ilipokwisha kuvunwa. Siku ya kuhama walikodi lori la kubebea mizigo, lakini Mama Gertruda alikataa kulipanda, akisema harufu ya dizeli humtapisha. Kwa hiyo ikawa hivi: Veneranda alikaa kwenye lori na kuku, na mama mkwe akapanda jiwe ambalo Kiliani alilisimika kwa mikono yake mlangoni, akakaa kwenye kile kiti kimoja cha nyuma. Alimshika mkwewe kiuno. Alimsema tangu Namswea: punguza mwendo, ona shimo, ona ng'ombe, una haraka ya wapi. Walipofika kona ya juu na ziwa likatokea lote kwa pamoja, alinyamaza. Kiliani alipoanza kuimba kwa sauti yake ile ile, bibi alipokea kiitikio.

Pale Kihagara, ndugu na majirani walikuwa wamejipanga kuwapokea. Nyati aliingia kwenye mchanga laini, akayumba, na kwa kuwa hapakuwa na jiwe, akalala chini taratibu na watu wake wote wawili. Vicheko vililipuka. Kiliani alikimbilia kwa mama mkwe kwanza, akamwinua. Mama Gertruda alijikung'uta, akafungua kanga yake ya juu, akainama kwa shida na kuanza kulifuta tangi mchanga.

"Pole, mzee," aliliambia. Kisha akawageukia watu. "Mnacheka nini? Njooni wanne mwinueni, huyu ni wa kwetu."

Methodi alikuwa wa kwanza kushika usukani. Lori nalo liliwasili, Veneranda akashuka na kuku wa mama yake akiangua kicheko chake, na mbele ya wote hao mshenga akatamka neno ambalo safari hii halikuhitaji asali: ukipenda boga, penda na ua lake.