Fisi Aliyetaka Kuijua Nchi ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nchi.

Kubwa?

Kubwa wapi! Ukipiga chafya mwanzoni mwake, wa mwishoni wanakuombea afya. Ilikuwa jabali moja tu, na watu wake pimbi, wenye adabu ya kuudhi. Kwao mgeni haulizwi shida iliyomleta mpaka ale ashibe.

Akaja Fisi. "Hodi! Nimekuja kuijua nchi na watu wake."

"Karibu, mgeni. Kula kwanza."

Akala uji, fyoo! "Umeshiba?" "Bado." Akala mihogo, karau karau! "Umeshiba?" "Bado." Huku anauliza: nani ana watoto, wangapi, wanalala ufa upi. Wakamwambia. Asubuhi watoto wawili wa Bi Sikitu hawapo.

"Umeshiba, mgeni?"

"Bado," akasema Fisi, manyoya mdomoni.

Bi Sikitu akaangua kilio. Mkuu wao, Mzee Shungi, akamnyamazisha. "Taratibu, mwanangu. Mgeni hajashiba, tutamwulizaje?" Mimi ningemzaba kofi mzee yule, lakini nchi si yangu.

Bi Sikitu alibakiwa na mtoto mmoja, mgongoni. Akafuta machozi, akamwendea Fisi. "Mgeni, wale watoto wanene hujawajua bado. Tumewaficha katika ufa ule mwembamba."

Fisi mbio! Kichwa, pwii! Mabega, pwii! Tumbo, kwaa! Akanasa. Na mle ndani hamna hata mjusi.

"Jamani, nakufa!"

Pimbi wakaja, wakausalimu mkia. Mzee Shungi akataka kuuliza kulikoni. Bi Sikitu akamshika mkono. "Kwani ameshiba?"

"Mgeni, umeshiba?"

"Nishibe nini? Nina njaa!"

"Pole. Basi hatukuulizi." Wakaenda zao.

Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu Fisi akawa ameijua nchi. "Nimeshiba," akasema kwa sauti iliyokauka. "Nimeshiba, jamani."

"Alhamdulillahi!" Mzee Shungi akakaa kitako. Lakini shida haiulizwi kabla ya salamu. "Habari za utokako?"

"Njema."

"Mvua zimenyesha?"

"Zime... nyesha."

"Mkeo hajambo?"

"Ha... jambo."

Ikafika zamu ya Bi Sikitu. Akamkaza mwanawe mgongoni, akauinamia ule ufa.

"Na watoto, hawajambo?"

Bi Sikitu akauliza tena, na tena, mpaka nzi wakaja.

Hadithi yangu imefia hapo, mwenye ya kwake aifufue. Na nyie watoto, funzo ni hili: mgeni mkirimuni, wala msimchoshe kwa maswali.